Kwale wa Bi Faida

Bibi yako aliuzwa? Usijibu haraka. Wengi wetu hapa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, tukiulizwa hivyo tunageuza mazungumzo, tunamtaja Mwarabu fulani wa Pangani aliyetuzaa sote, na chai inaendelea kunywewa.

Sibomana Shabani, fundi cherehani aliyeshonea barazani karibu na msikiti, naye alikuwa na Mwarabu wake. Alimrithi kwa baba yake pamoja na cherehani. Bibi yake, Bi Faida, alisemekana kuwa mke wa mfanyabiashara huyo, aliyekuja naye Kigali kutoka Ujiji enzi za Wajerumani. Na kwa kuwa nyumba yao ni ya masharifu, walisema, ndiyo maana haili kwale.

Hapo ndipo hadithi ilipomkwama Sibomana kooni. Waislamu wote wa mtaani walikula kwale. Imamu mwenyewe alipoletewa na wawindaji wa Gatsata hakubakiza mfupa. Tena Sibomana alimkumbuka bibi yake vizuri. Mke gani wa tajiri huyo, asiyekubali kukaa kitini hata akibembelezwa, daima sakafuni kama mtumishi? Na kila kwale alipolia vichakani asubuhi, bibi aliacha kazi yake na kusema, "Huyo aliniita, nikachelewa kuamka." Watoto walicheka. Bibi hakucheka.

Mwaka wa 1974 Swafiya, binti yake Sibomana, alipata mchumba, kijana wa Mzee Haruna mwenye duka la vitambaa. Haruna alijivunia damu ya pwani kuliko bidhaa zake, na ilijulikana kwamba siku ya posa angeuliza ukoo. Sibomana akaona hawezi kusimama mbele ya watu akasema asichokiamini, wala hakuwa na kingine cha kusema. Basi kila alipopeleka nguo za wateja Gikondo, alipitia kwenye magereji yalikotengenezwa malori ya Zaire, akawauliza madereva swali lile lile: kwenu, nani hali kwale?

"Mzee, unauza ndege ao unatafuta mke wa pili?" walimtania.

Nyiraneza, mke wake, hakuona mzaha wowote.

"Binti anaposwa, wewe unachimbua mifupa! Ukipata mtumwa huko, utamweka wapi?"

"Nitamweka mahali pa Mwarabu."

"Na Swafiya je, utamweka wapi?"

Sibomana alibeba nguo za wateja, akashika njia ya Gikondo.

Hata siku moja dereva mmoja wa Kasongo, aitwaye Kalonda, alitoka chini ya lori mikono imejaa grisi, akamkazia macho.

"Sisi kwetu ile ndege hatukulaka. Nani alikuambia?"

Wakakaa juu ya tairi, Kalonda akasimulia. Zamani, wateka watu walipokizunguka kijiji chao alfajiri, kwale walishtuka wakalia kwa pamoja. Walioamka walikimbilia msituni. Hao ndio waliookoka, wakaapa kwamba wao na vizazi vyao hawatamla ndege huyo.

"Na waliochelewa kuamka?" Sibomana aliuliza.

"Ah, mzee. Hao walikwenda na kamba shingoni. Lakini hatukuwaacha. Mpaka leo, mtu akifa kwetu, tunataja wafu wetu, halafu tunasema: na wale waliolala."

Sibomana alilia pale pale, katikati ya vyuma na mafuta machafu. Miaka yote hiyo bibi alidhani amesahauliwa, na kumbe kuna watu waliokuwa wakimtaja! Alipomweleza Kalonda maneno ya bibi yake, Kalonda alimshika bega, akamwita mjukuu wa nyumbani.

Siku ya posa ilipofika, Sibomana alimwita Swafiya uani kabla ya wageni kufika, akamweleza yote. Akamwambia kwamba akitaka, atanyamaza.

"Sema, baba," Swafiya akajibu. "Nisije nikaishi kwa mume wangu nikiogopa kila kwale akilia."

Alasiri wageni wakakaa kwenye mikeka, sinia ya halua katikati. Haruna alikunywa kahawa, akapangusa midomo.

"Haya, Baba Swafiya. Huyo Mwarabu wenu alikuwa wa Pangani ao wa Bagamoyo?"

"Hakuna Mwarabu, Mzee Haruna. Bibi yangu alitekwa upande wa Kasongo akiwa mtoto, akauzwa Ujiji, akaja hapa amebeba masufuria ya bwana wake kichwani. Na simwonei haya. Haya ni ya aliyemfunga kamba."

Kikombe cha Haruna kilirudi sahanini polepole. "Tutaleta jibu," akasema, akainuka na watu wake. Halua haikuguswa. Nyiraneza alikusanya vikombe, na Swafiya akamsaidia, kichwa juu, machozi yakimtiririka.

Kesho yake asubuhi Sibomana alikuwa akiifunua cherehani yake barazani alipomwona Bi Zuena, mama yake Haruna, akipanda mwinuko kwa fimbo yake. Bibi huyo hakuwa akitoka nyumbani ila kwa msiba. Haruna alimfuata nyuma akimsihi.

"Mama, turudi. Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Alipofika, Sibomana alimsogezea kiti. Bi Zuena alikitazama kiti kile, akamgeukia mwanawe.

"Mimi nilizaliwa uani kwa mtu, Ujiji," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Mama yangu alikuwa mali yake. Nilikuficha hili, Haruna, nikidhani nakulinda."

Wapita njia walisimama. Haruna alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, asijue aiweke wapi.

Bi Zuena alikaa kitini, akajiegemeza vizuri, akalaza fimbo magotini.

"Sasa nenda ndani," akamwambia mwanawe, "umwombe Mama Swafiya ile halua ya jana."