Kichupa Nilichomnyima Kaka Yangu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile kaka yangu mkubwa, yaya Ilunga, alipofika chuoni kwetu Kasapa hata chai hajanywa. Nilikuwa msichana bado, fundi wa maabara pale chuoni. Mtoto wake Ngoie alikuwa amelala nyumbani Hewa Bora na saratani ya damu, ile inayoshika seli nyeupe za kinga. Hospitali ilikuwa imeshamrudisha, ikisema hakuna tena la kufanya.

Ndugu walisikia kwamba ndani ya friza yetu mna protini inayokaa juu ya seli hizo hizo, wakaamini ni dawa. Kweli ilikuwamo, kichupa kidogo kutoka ng'ambo. Ilitengenezwa maabarani, ndani ya seli zilizokuzwa huko, na sisi tuliitumia kuhakikisha vipimo vyetu vinasoma sawa, basi. Lakini mtu anayefiwa na mtoto husikia anachotaka, na simlaumu.

“Mudogo yangu, nipe kiloko tu, kidogo tu,” alisema. “Mutoto anaisha.”

“Yaya, ile haiko dawa. Tukimuchoma nayo, tutamuumiza bure.”

“Unaogopa kupoteza kazi.”

Nilimwambia hapana, simpi, nikafunga friza, nikashika kalamu kama mtu mwenye shughuli. Mkuu wetu, Mama Odile, mwanamke asiye na maneno mengi, alikuwa amesikia yote. Alimketisha kaka, akamweleza upya polepole. Kisha akanigeukia.

“Umemuambia kweli, iko muzuri. Sasa unamuacha arudi kwake na hiyo kweli peke yake? Toa hiyo koti, enda naye.”

Niliona haya. Tulipanda basi pamoja hadi Hewa Bora. Nilimwogesha Ngoie, nikampa dawa za maumivu, nikamshika alipolia, na siku zilizofuata nilirudi kila nilipotoka kazini. Alifariki kabla mvua hazijaisha. Kwenye kilio, yaya alisema mbele ya watu kwamba dawa ilikuwepo na mimi niliifungia. Hajanisamehe hadi leo. Inaniuma sana, na ningemnyima tena.

Mwanangu, unaanza kazi ya maabara, na watu wako watakujia. Usimpe mtu kitu kisicho dawa kwa sababu analia, wala usimwambie “tutaona” ili aondoke. Mwambie hapana, kisha mfuate kwake ukae naye, hata akikuchukia. Mungu akulinde, akupe moyo wa kuwakatalia unaowapenda, na nguvu za kubaki nao.