Nyumba Isiyo na Ngazi

Mama alianza kukosa kanisani kabla sijajua kwamba magoti yalikuwa yamemshinda. Jumapili moja alisema ana mafua. Iliyofuata akasema anamngoja mgeni, na mgeni mwenyewe hakutokea. Tulikuwa tunapanga Makadara, katika zile nyumba za zamani, na mlangoni palikuwa na vidato vya saruji vilivyoliwa na miaka. Siku moja nilirudi mapema kutoka Kariobangi, ninakouza mapazia, nikamkuta anashuka vidato hivyo kwa makalio. Anakaa, anajisukuma kwa mikono, anakaa tena kwenye kidato kinachofuata. Aliponiona alishika ukuta akasimama, akaanza kukung'uta leso yake.

"Nilikuwa napumzika," akasema.

Niliingia ndani nikabandika chai. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili tuliojua, wala hatukulizungumza.

Wakati huo nilikuwa nimeshanunua kiwanja ng'ambo ya Donholm, upande wa chini wa barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu isiyo na lami. Udongo wa huko ni ule mweusi, mvua ikinyesha unang'ang'ania viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa zinazoweza kumeza sandali ya mtoto. Fundi aliuchimba akautoa wote mpaka akafika ardhi ngumu, akajenga msingi wa mawe. Kisha akaniita tuamue sakafu iwe juu kiasi gani.

"Hapa, madam," akasema, akijigusa pajani. "Tujaze mawe, tushindilie, halafu mbele tuweke ngazi."

Mama alikuwa amekuja nami. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mkoba mapajani. Akaniita kwa kidole.

"Mwambie aishushe," akaninong'oneza. "Ilingane na ardhi. Mtu aingie tu."

"Mama, tunaweza kuweka mteremko wa saruji pale mlangoni. Kama ule wa hospitali."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya watu. "Wa hospitali," akasema. "Ili kila apitaye njiani aulize humu ndani mna mgonjwa gani."

Nilirudi kwa fundi nikamwambia nataka nyumba ya chini, isiyo na ngazi hata moja, kwamba ndio mtindo wa siku hizi. Nilisema hivyo bila kupepesa macho.

"Na maji?" akauliza.

"Si kuna mtaro wa barabara?"

Aliinua mabega. Sakafu ya chini ilimaanisha mawe machache ya kubeba, na vijana wake walifurahi waziwazi. Baada ya siku chache zege likamwagwa, na jambo likawa limekwisha.

Kaka yangu, anayefanya kazi ya ofisi mjini, alikuja kuona. Alisimama mahali ambapo mlango ungekuwa, akatazama barabara, akatazama sakafu, akatazama tena barabara.

"Dada, hii barabara iko juu ya nyumba yako."

"Kuna mtaro."

"Mtaro gani? Ule umejaa mifuko na mchanga?"

Nilimwambia asituletee mkosi. Mama aligeuza uso, akajifanya anatazama nguo za jirani kwenye kamba. Tulikuwa na nafasi ya kumwambia, naye ni mwanawe wa kumzaa. Hatukumwambia.

Tulihamia wakati wa kiangazi, na lazima niseme kwamba Mama alifurahi. Alikuwa akitoka na kuingia mara nyingi bila sababu. Anaanika kitambaa cha sahani, anarudi, anatoka kukigeuza. Alipanda sukuma wiki kando ya ukuta akaimwagilia mwenyewe. Nilikuwa nikimtazama dirishani na kujiona nimefanya jambo la maana.

Kisha akawaalika wanawake wa kikundi chake cha kanisani waje kuiombea nyumba. Aliwaalika kwa kujiamini kabisa, kwa kuwa humo ndani hakuna mahali ambapo mwili wake ungemsaliti. Walikuja Jumapili mchana, wamevaa vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, wakasifu vigae, wakasifu mapazia. Mmoja akasema, "Nyumba ya kuingia kama unatembea tu! Hii ni akili." Mama akatabasamu, akaniangalia kidogo.

Mvua ilianza wakati wa wimbo wa pili. Ilikuwa kubwa hata ikabidi waimbe kwa sauti ya juu ili wasikike juu ya mabati. Mimi nilikuwa karibu na mlango, hivyo niliona kabla yao. Maji mekundu yalikuwa yanashuka kutoka barabarani, yakapita chini ya geti, yakaenea uani taratibu kama mtu anayetandika shuka. Nikachukua gunia nikaziba chini ya mlango. Halikusaidia kitu. Yaliingia kimyakimya, yakafika kwenye zulia, yakaanza kuinua kandambili za watu.

Waliendelea kuimba kwa muda, miguu wameiinua. Mwishowe kiongozi wao akafunga sala kwa haraka, na jirani yetu, mchomeleaji anayefanya kazi jua kali, akapiga kelele kutoka kwake: "Kujeni huku! Huku ni juu!" Nyumba yake ilikuwa na veranda ndefu yenye ngazi. Wanawake wakaokota viatu vyao wakavuka uani wakikimbia, wengine wakicheka.

"Mama, twende," mmoja wao akamwambia.

"Tangulieni. Nakuja."

Alibaki kwenye kiti, maji yakimfikia vifundoni. Nilipomkaribia alinikataza kwa mkono. "Ngoja wakishaingia ndani kwake. Ndipo unishike."

Hawakuingia ndani. Walisimama wote kwenye veranda, wamejipanga kwenye ukingo, wakitungoja na kutuita. Nani angeingia ndani huku mwenzake amebaki majini? Maji yakazidi, kiti kikaanza kuyumba, na hapakuwa na la kufanya. Nilimshika kiuno tukavuka uani, mvua ikitupiga, akitembea vizuri kabisa, kichwa juu, mpaka tukafika kwenye zile ngazi.

Akainua mguu wa kulia. Ulifika nusu ukarudi. Akajaribu wa kushoto. Pale juu makelele yakapungua, kisha yakaisha. Mama akashika reli, akajivuta, na goti likatoa mlio ambao nadhani sote tuliusikia. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mama yangu, kama mtoto anayeomba afichwe.

Jirani alishuka. "Shosh, shika shingo yangu," akasema, na kabla hajajibiwa alikuwa amemnyanyua mikononi. Gauni likapanda. Bendeji za magotini, alizokuwa akizifunga mlango ukiwa umefungwa, zikaonekana, zimelowa, moja ikining'inia. Kisha mwanamke mmoja akasema, "Pole, mama," kwa upole mwingi, na nikaona kwamba hilo "pole" ndilo lililomwumiza zaidi. Aliketishwa kwenye kochi la watu, akaomba leso, akajifunika miguu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Waulize kama watakunywa chai."

Kesho yake kaka alikuja na gambuti miguuni. Nilikuwa nachota tope kwa sepeto. Alisimama mlangoni.

"Nyinyi mlijenga nyumba ama sufuria?"

"Mwache dada yako," Mama akasema kutoka chumbani. "Mimi ndiye niliyesema ishushwe." Akamweleza yote, magoti, kanisa, vidato vya Makadara. Kaka aliketi kitandani, tope na yote. Baadaye akasema tu, "Mngeniambia, Mama. Mimi si mpita njia."

Nyumba huwezi kuinyanyua kama meza. Fundi alifanya lililowezekana. Alichimba mfereji mrefu upande wa juu, kati ya geti na nyumba, akalaza bomba lenye matundu, akalifunika kwa kokoto, akaliongoza pembeni mpaka upande wa chini wa kiwanja, maji yapate pa kwenda kabla hayajafika ukutani. Alikwangua udongo uliozunguka kuta ili uinamie nje. Ile sukuma wiki ikang'olewa. Ndani tukaongeza sakafu juu ya sakafu kadiri milango ilivyoruhusu, na kila mlango wa nje ukawekewa kizingiti kilichoinuka. Hapo mteremko ukawa hauepukiki.

"Niuweke wapi?" fundi akauliza.

"Nyuma," Mama akasema. "Jikoni."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningeweza kusema, hapana, uwekwe mbele, hii ni nyumba yako. Badala yake nilihisi moyo ukitulia, kwa kuwa wageni wangu pia wasingeuona. Fundi akaujenga nyuma, mzuri, wenye reli, na Mama anautumia kila siku. Mlango wa mbele huufikia tu kutoka ndani, akienda kuchungulia nani anabisha.

Maji hayajaingia tena. Mvua zinapokaribia mimi huchukua jembe kuzibua mtaro wa barabara, maana mifereji yetu yote ni kazi bure ule ukiziba. Mara nyingi jirani naye huwa hapo, anaokota mifuko kwa fimbo.

"Mathe yuko aje?" huniuliza.

"Yuko poa," namjibu, na kuendelea kuchimba nikiwa nimeinama. Ni mtu mwema, hajawahi kuitaja siku ile, wala hana kosa lolote kwetu. Lakini bado siwezi kumtazama usoni.