Nilimfukuza Mkwe Wangu kwa Kuniuliza "Mmelala Vizuri?"

Jina langu liacheni huko huko kwenye bahasha. Mimi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Tanga, na kosa ni langu peke yangu. Nilimfukuza mkwe wangu mjamzito kwa sababu ya salamu!

Nilihamia Tunduma baada ya kufiwa na mume wangu, nikaweka meza ya vitenge sokoni. Mwanangu wa pekee akaoa binti wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, Mbemba. Hapa nitamwita Mutale. Kiswahili alikuwa anajifunzia kwangu, na mimi kwenye Kiswahili najiona sina mpinzani.

Walipohamia kwangu tayari alikuwa mjamzito. Asubuhi ya kwanza alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo, mama. Mmelala vizuri?"

Nikageuka kutazama nyuma yangu. Mmelala? Mimi na nani?

Mchana ikaja, "Mama, mmekula?" Jioni, uani, mbele ya wapangaji wote, "Mama, mmeoga?" Mtume! Wanawake wa watu wamekaa pale wanachambua mboga, mimi naulizwa nimeoga na nani!

Sasa niseme la moyoni, maana sikuandika hapa ili nijipambe. Chumba cha pili aliishi fundi viatu, mgane mstaarabu, Mnyiha wa Ihanda. Alikuwa ananiletea kahawa ya kwao, tunakaa kibarazani kuinywa, na kikombe kimoja kilikuwa hakiishi. Hakuna kilichofanyika, wallahi, ila nilishaanza kujipaka hina. Kwa hiyo kila "mmelala" ya yule binti ilinichoma. Nilijua ananichunguza, na kesho atamwambia mwanangu.

Wiki ya tatu nikalipuka, pale pale uani, watu wakitazama. "Mmelala na nani? Umemwona nani kitandani kwangu?"

Binti akapiga magoti. "Samahanini, mama. Msikasirike."

"Bado unanizidisha!"

"Nisameheni, mama..."

Jamani, kila akiomba radhi ndiyo kwanza tunaongezeka! Nikamwambia afungashe, aende kwao akajifunze kuongea na mtu mmoja. Akajitwisha sanduku lake, mimba ya miezi mitano, akavuka mpaka kwa miguu. Mwanangu aliporudi kazini alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mashati mawili na kumfuata mkewe. Hapo ndipo nikawa mmoja kweli.

Fundi viatu ndiye aliyenifumbua macho. Nilipomweleza alicheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni.

"Mama, ninyi mmekaa Tunduma miaka yote hii, hamjui? Kwa Wabemba mtu mkubwa anaambiwa kwa wingi. Ndiyo heshima yao. Hata sisi Wanyiha ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nawaambia 'karibuni kahawa' tangu mwaka jana. Mlidhani nawakaribisha na nani?"

Nilidhani ni lafudhi! Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Nikaamua kwenda Nakonde kuomba radhi, tena kwa lugha yao. Vijana wanaobadilisha pesa mpakani niliwasikia wakisalimiana, "Uli shani?" yaani u hali gani. Nikaikariri njia nzima. Nikafika, nikamshika mkono mama yake Mutale, bibi mwenye mvi kichwa kizima, nikamwambia kwa kujiamini, "Uli shani?"

Sebule nzima ikageuka kunitazama. Kumbe hiyo ni ya vijana kwa vijana! Nimemwamkia mkwe mwenzangu kama mtoto aliyetumwa chumvi!

Mutale ndiye aliyeniokoa. Alikohoa, akamwambia mama yake maneno kwa Kibemba, ndani yake nikasikia "Muli shani," ile ya wingi, ya heshima. Yule bibi akacheka, akanikaribisha kiti. Baadaye Mutale alinieleza alichosema: kwamba nina mafua, ile "Mu" imebaki puani. Mimi nilimwaibisha uani kwangu mbele za watu, yeye akanifichia aibu yangu kwao. Nililia pale pale.

Akarudi, na mume wake akarudi. Lakini oneni adhabu yangu! Alirudi na Kiswahili changu. "Umelala vizuri, mama? Umekula?" Sahihi kabisa, kama nilivyodai. Mama muuza dagaa anaulizwa "mmeamkaje," fundi viatu anaulizwa "mmeshindaje," mimi naulizwa "umeoga?" Wivu ulinikaba, na kumwomba anirudishie wingi wangu sikuthubutu. Ningeanzia wapi?

Wenzangu mnaoozesha na kuolewa huku mipakani, neno la mgeni likikuchoma, muulize maana yake kabla hujapandisha sauti. Na kama moyoni unalo la kwako unaloficha, usimbebeshe yeye.

Mjukuu wangu sasa ameachishwa ziwa, analala kwangu. Juzi asubuhi Mutale alisimama mlangoni, akatutazama kitandani, akasema, "Mmelala vizuri?"

Sijui alikuwa anatuhesabu au ananiheshimu. Hilo sikuuliza! Nilijibu haraka, kabla hajajisahihisha.

"Tumelala vizuri, mwanangu."