Kitone cha Kijani

Bastola niliinunua kwa sababu ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Waliingia jioni, watu wakiwa mezani, wakawafungia wote bafuni na kuchukua walichotaka bila haraka. Hata pilau iliyobaki jikoni waliila. Asubuhi yake nilisimama barabarani na majirani, kila mmoja akieleza kwa nini mbwa wake hakubweka. Mimi sina mbwa. Nina mke, binti mmoja, na duka la vitambaa vya jumla katikati ya jiji la Johannesburg. Tangu siku ile nikawa mtu wa kuamka kwenda kugusa komeo ambalo nilishaligusa.

Kibali cha silaha hakipatikani kwa pupa. Kuna mafunzo, mtihani, alama za vidole, na polisi wa kuja kutikisa sefu kuona kama kweli imefungwa ukutani kwa bolti. Nilifuata yote kwa mpangilio, na kwa miezi bastola ilikaa kwa muuzaji ikinisubiri. Nilidhani ikifika nyumbani nitalala. Ilifika, na usingizi ukapungua zaidi.

Wiki ile ile, umeme ulikatika magharibi. Nilikuwa chumbani, nimetoka kuipangusa bastola mafuta, haijarudi kwenye sefu. Mlango wa jikoni ukafunguka. Hakuna sauti ya mtu, viatu tu. Niliishika, mtutu ukitazama sakafuni, nikajaribu kuona vilengeo, yaani vile vinundu viwili vya juu, kimoja mbele na kimoja nyuma, ambavyo jicho huvipanga kabla kidole hakijavuta. Sikuviona. Vilikuwa vyeusi juu ya chuma cheusi, na macho yangu yamevuka hamsini. Kisha nikasikia friji ikifunguliwa, na kifuniko cha mtindi kikibanduliwa.

Alikuwa binti yetu. Anasoma chuo, na jioni anahudumu kwenye mgahawa Sandton, kwa hiyo harudi saa ile ile hata siku mbili mfululizo. Alikula mtindi wake gizani, akapita kwenda chumbani kwake, hakujua lolote.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ungemjuaje?" akauliza.

"Ni hivi vilengeo. Havionekani. Nitaweka vingine, vipo vya kung'aa gizani."

"Sikukuuliza habari ya bunduki, nimekuuliza habari ya mtu." Alisema polepole, kama anavyosema na mteja anayetaka kurudisha kitambaa kilichokwisha kukatwa. "Siku utakayoniambia utamjua mtu kabla hujavuta, hiyo kitu ikae. Kama huwezi, irudi ilikotoka. Nimezaa mmoja tu."

Nikaagiza vilengeo. Cha mbele kilikuwa na kitone cha kijani kinachowaka chenyewe gizani, na cha nyuma kilikuwa na pengo pana la kukitazamia kile cha mbele. Vilikuja kwenye kisanduku kidogo kama cha pete. Nikamwomba rafiki yangu aje tusaidiane. Ni mtu wa Bukavu, mlinzi wa silaha kwenye duka la vito, mtaa mmoja na duka langu. Alikuja Jumapili moja kwa moja kutoka ibadani, suti ya samawati, viatu vinameta, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Odi! Odi!" aliita langoni. "Niko na njala na nyundo!"

"Karibu shemeji," mke wangu akajibu. "Njaa tutaitibu. Nyundo ipeleke huko nyuma, sitaki kuiona."

Gereji nilikuwa nimeiandaa tangu alfajiri. Nilitandika shuka jeupe juu ya meza ili skrubu ikidondoka ionekane, na jiliwa, lile la kubania vyuma, nimelizungushia vipande vya kitenge lisikwaruze. Rafiki yangu alisimama akaitazama ile meza.

"Papa, nilikuya kufunga bunduki ao kuzalisha mwanamuke?"

Nilitoa magazini, nikavuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nikachungulia chemba kama kuna risasi. Nikampa naye achungulie. Risasi zilibaki kwenye sefu. Tuliitoa slaidi, tukaibana kwenye jiliwa. Kilengeo cha mbele kilishikwa na skrubu moja, kikatoka bila ubishi. Cha nyuma kilikuwa kimekazwa ndani ya mfereji uliochongwa juu ya slaidi. Hakina skrubu, kinasukumwa tu kwa kugongwa pembeni. Niliweka kipande cha shaba juu yake nikagonga. Hakikusogea. Nikagonga tena, kwa nguvu, na jasho likanitoka kana kwamba kuna mtu ananisubiri nje.

"Ngoja," akasema, akainama na suti yake. "Papa, unagonga mulango yenye inafungukaka upande ingine."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesoma maelekezo mara nyingi mpaka nimeyakariri, kisha nikakigeuza kile chuma kwenye jiliwa bila kuyageuza maelekezo kichwani. Tulikigeuza. Kwa mapigo machache kilengeo kilianza kuteleza, kikaangukia kwenye shuka. Kipya nilikiingiza kidogo kidogo. Nilipima kushoto na kulia kwa kipande cha karatasi nilichokikunja katikati, kama ninavyotafuta katikati ya kitambaa, mpaka pande zote mbili zikalingana. Tukakaza cha mbele kwa tone la gundi, tukazima taa ya gereji.

Kitone kiliwaka kijani kwenye giza.

"Sasa unaona?" akauliza.

"Naona," nikasema, na kwa muda mfupi nilifurahi kweli.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda uwanja wa shabaha. Mwalimu alikuwa mama wa Kizulu, mnene, mwenye vifunika masikio vya rangi ya waridi. Mbele yangu ilitundikwa picha ya mtu ya karatasi. Risasi zangu za kwanza zilitawanyika.

"Baba, unatazama nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Namtazama yule."

"Mwache yule. Jicho lako likae kwenye kitone cha mbele tu. Kitone kiwe safi, yeye awe ukungu."

"Ukungu?"

"Ukimwona vizuri yeye, utamkosa. Ndivyo macho yalivyo, hayashiki karibu na mbali kwa pamoja."

Nilifanya alivyosema. Kitone kikawa safi, kijani kama jani changa, na yule mtu wa karatasi akayeyuka mabega, akapotea uso. Nikavuta. Matundu yakakusanyika kifuani, ningeweza kuyafunika kwa kiganja. Mwalimu alinipiga bega. Rafiki yangu alipiga makofi. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Niliibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Tukirudi, tulisimama kwenye roboti, taa za barabarani kama zinavyoitwa hapa. Kijana mmoja alikuja kati ya magari akiuza chaja. Nilikaza jicho kwenye doa la uchafu lililokuwa kwenye kioo, na yule kijana akawa kivuli kinachokuja. Nikaliacha doa, nikamtazama yeye. Alikuwa na kovu kwenye nyusi, akatabasamu, akaniita mkubwa.

"Wewe unaweka wapi yako?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Bunduki? Minaiachaka ku kazi. Pale dukani, mwenye anakuya kuiba namujua, anakuya na yake mukononi. Nyumbani kwangu?" Alicheka bila sauti. "Nyumbani kunaingiaka batoto."

Mke wangu alikuwa akikunja nguo tulipofika. Hakuuliza mpaka mgeni alipoondoka.

"Haya. Unaona?"

"Naona kitone."

"Na mtu?"

Ningeweza kumwonyesha ile karatasi yenye matundu. "Mtu anakuwa ukungu," nikasema. "Ndivyo inavyotakiwa. Vilengeo si vya kumjulia mtu."

Akaendelea kukunja. "Basi Jumatatu mpigie muuzaji. Na mtoto aanze kupiga hodi."

Nilimweleza binti yetu mwenyewe, yote, pamoja na ile jioni ya mtindi. Anakielewa Kiswahili, lakini hutujibu kwa Kiingereza.

"Hodi kwenye nyumba yetu wenyewe, Pa?" alianza kwa kucheka. Kisha akaacha kucheka. "Ulikuwa umeishika?"

"Nilikuwa nimeishika."

Kesho yake alipiga hodi kwa sauti ya tarumbeta, mpaka jirani akaitikia.

Muuzaji alisema taratibu za kuirudisha zitachukua muda, kama zilivyochukua za kuinunua. Kwa hiyo bado imo ukutani, na kitone chake kinawaka humo ndani bila mtu wa kukitazama. Usingizi haujarudi wote. Juzi jioni umeme ulikatika tena. Nilikuwa ukumbini, ufunguo wa sefu mfukoni, lango likalia, viatu vikapita uani, kitasa kikageuka. Hodi haikuja. Nilisikiliza kwa mwili mzima. Mkono ulianza kuelekea mfukoni, nikauweka ukutani.

"Karibu!" nikaita gizani, bila kujua namkaribisha nani.

Viatu vikasimama.

"Eish, Pa," ikaja sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ilikuja kwa Kiswahili. "Sijasema hodi bado."