Kontrola ya Ampea Tano

Hapa Masumbwe wananiita Injinia, na sijawahi kumkataza mtu. Jina langu ni Gelasius. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ufundi nimeupata kwa kufungua redio za watu na kumwomba Mungu zifunge tena. Natengeneza simu, redio na taa za sola. Ukiniletea kitu nisichokijua, nitakuna kidevu na kusema, "Acha, pitia kesho." Ugonjwa wangu ndio huo, sijui kusema sijui. Nausema mapema ili usije ukanihurumia huko mbele.

Ninayetaka kumsimulia ni Mama Mihayo. Jina lake la ubatizo ni Apolonia, mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini kama anaongea kanisani. Kikundi cha akina mama kina mizinga ya kisasa kwenye msitu wa upande wa Ushirombo, na kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa akikamua asali. Fremu nne zenye masega zinasimamishwa ndani ya pipa, unazungusha mpini, asali inaruka, inagonga ukuta wa pipa na kushuka kwenye bomba. Ukianza kwa kasi, sega linavunjika. Yeye hakuwahi kuvunja sega. Ng'ombe hana na shamba lake ni kipande tu, lakini siku ya kukamua wanawake ishirini walisubiri yeye aseme "haya".

Mwaka juzi bega lake la kulia likaanza kugoma. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba kazi apewe Paskazia, binti mwenye mabega mazima. Ndipo Mama Mihayo akaja kibandani kwangu na mota ya waipa ya gari bovu, ameifunga kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka hii inizungushie pipa. Lakini ianze polepole, kama mimi."

Kuanza polepole kunataka kontrola, kibao kidogo kinachokaa kati ya betri na mota. Kina nobu, ukiizungusha, umeme unapita kidogo kidogo. Shida yake ni moja tu: lazima kiweze kubeba umeme wote ambao mota itavuta, kikizidiwa kinaungua. Mimi nilikuwa na kontrola moja, ya ampea tano, mpya kabisa, imekaa kwenye rafu inanitazama. Nikatamani iwe hiyo hiyo.

Nikaunga mota kwenye betri. Ikazunguka, haijabeba chochote, na mita ikasoma ampea moja na nusu.

"Umeona, mama? Moja na nusu. Kontrola inabeba tano. Hapo imebaki nafasi ya kucheza ngoma."

Akaitazama mota inavyojizungukia mezani. "Baba, hiyo haina mzigo. Si uishike kwanza, ishindwe kwenda, ndipo upime? Mimi bega haliniumi pipa likishazunguka. Linaniuma pale pa kulianzisha."

Kibandani walikuwepo vijana watatu wachimbaji, wametoka Rwamgasa, wanachagua chaja. Nikacheka ili nao wacheke.

"Mama, mimi sikufundishi nyuki. Umeme niachie mwenyewe."

Wakacheka kweli. Yeye akatabasamu kwa adabu, akaanza kukunja kanga yake.

Nilifunga mota kwenye pipa na kuijaribu pipa likiwa tupu. Ilizunguka vizuri mno, nikaita majirani waje waone. Siku ya kukamua nilivaa shati la Jumapili. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi, na asali imekuwa nzito. Wakaingiza fremu nne zilizojaa. Mama Mihayo akashika nobu, akaizungusha taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Mota ikanguruma na pipa halikusogea. Akaongeza kidogo. Ikatoka harufu ya plastiki, kisha moshi, kisha hakukuwa na kitu tena.

"Injinia, kulikoni?" akauliza Salvina, mwenyekiti wa kikundi.

Sikuhitaji hata kufikiri. "Mama amefungulia kwa pupa. Nilimwambia taratibu."

Wote wakamgeukia. Yeye akanitazama mimi, akanitazama tena, halafu akashusha macho. Akaomba bisibisi, akaitoa mota, akarudisha mpini na kuanza kuzungusha kwa bega lile lile. Fremu thelathini na mbili. Mimi nimesimama na shati langu la Jumapili. Ningeweza kusema, "Lete nikupokee." Sikusema, maana kumpokea kungefanana na kukiri. Kwenye fremu za mwisho nilimsikia akivuta hewa kwa meno, na bado nikanyamaza.

Kesho yake nilibana shafti ya mota kwenye jiliwa isiweze kuzunguka hata kidogo, nikawasha, nikapima. Ampea kumi na sita. Kumi na sita, na mimi niliipa kontrola ya tano! Lile jambo la pale pa kuanzia, mwanamke asiyejua ampea ni nini aliniambia kwa Kiswahili chepesi, nikamfanya kichekesho cha wachimbaji. Niliona aibu nikiwa peke yangu kibandani, aibu ya kufanya masikio yapate moto. Lakini sikwenda kwake. Wiki tatu nilitoka kanisani kwa mlango wa pembeni ili nisikutane naye.

Mwishowe nikaagiza Shinyanga kontrola ya ampea thelathini. Nikaweka na fyuzi. Safari hii niliazima pipa la kikundi, nikaijaribu mota likiwa na matofali manne mahali pa fremu, likaanza polepole, bila hata harufu. Nikalipakia kwenye bajaji mpaka stoo ya kikundi, siku walipokuwa na fremu nyingine za kukamua, nikiwa nimejipanga kulikabidhi na kuondoka haraka.

Salvina akafurahi. "Wabheja, asante sana, Injinia! Sasa ataishika Paskazia. Hebu mweleze binti huyu pale Mama Mihayo alipokosea, asije naye akarudia."

Mama Mihayo alikuwa nyuma, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakwangua nta. Hakuinua kichwa. Nikajua kazi yake waliichukua siku ile ile, kwa neno langu.

"Hakukosea," nikasema. "Aliniambia niipime mota ikiwa imeshikwa, nikamcheka. Kontrola ilikuwa ndogo. Nilijua kosa ni langu kesho yake tu, nikanyamaza. Nilimsingizia."

Salvina akamgeukia. "Mama Mihayo, mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" akajibu, nta bado iko mkononi. "Kati yangu na Injinia, mngemwamini nani?"

Salvina akasema mashine ishikwe na mwenyewe. Mama Mihayo akaja, akasema "haya", akaizungusha nobu kwa mkono wa kushoto. Pipa likaanza polepole kama yeye, asali ikashuka kwenye bomba, na hakuna sega lililovunjika.

Walipokuwa wakikinga ndoo nikamsogelea. Nikampa mkono.

"Shikamoo, mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba, baba."

Mkono wake wa kulia ukainuka mpaka kiunoni, ukakwama hapo. Ulikuwa umekwama hivyo tangu zile fremu thelathini na mbili. Kwetu, mkono wa kushoto haupewi mtu. Mtoto akiutoa anachapwa. Mama Mihayo akafuta nta kwenye kanga, akaninyooshea wa kushoto, na akainamisha kichwa kama yeye ndiye mwenye kosa.

"Unisamehe, baba," akasema. "Ndio uliobaki."