Kiwanja cha Mama Bado

Jina la Mama Bado hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani wa karakana, ambao kila mwezi walimuuliza swali lile lile: "Kiwanja umemaliza kulipa?" Naye, ameinama juu ya geti, miwani myeusi usoni, hujibu bila kuinua kichwa: "Bado." Wakaona wamwite hivyo hivyo. Hakukasirika. Alisema bado ni neno zuri, maana mtu anayesema bado hajasema hapana.

Alikuwa fundi wa kuchomelea chuma, na tuseme ukweli tu, alikuwa fundi kuliko wanaume wote wa mtaa ule. Wao wenyewe walijua, ndiyo maana hawakuisha kupita pale kumkosoa. Kazi aliijulia kwa marehemu mumewe, kwa kumshikia vyuma visicheze wakati anaunga. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja kuchukua mashine. Akawaambia, "Shemeji, kaeni kwanza, nimalizie geti la mteja." Alipomaliza la kwanza akaanza la pili, akaingia la tatu, wao wako kwenye benchi wanapigwa na cheche, mpaka wakachoka wakaenda zao. Mashine mpaka leo ni yake.

Kiwanja alikuwa akikinunua kwa Mkunga, bibi mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa. Bibi huyu hakumwogopa mtu, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, wote aliwaona uchi kabla hawajamwona yeye. Masharti yake yalikuwa makavu. Awamu sitini, kila tarehe moja, saa moja asubuhi, mkononi. Si kwa simu, si kwa kutuma mtu. Ukichelewa mara mbili mkataba umekufa, na kilicholipwa hakirudi. Hati inabaki kabatini kwake mpaka awamu ya mwisho.

Mama Bado alisaini bila kusita. Karakana alikuwa amepanga, chumba cha kulala amepanga, na alikuwa amechoka kuhamahama na mashine nzito kila mwenye nyumba anapoamka vibaya. Alitaka mahali ambapo akichimbia nguzo hakuna wa kumuuliza kwa nini. Hapo tu, zaidi ya hapo hakuwa na makuu.

Alikuwa amelipa awamu ishirini na nane, hajachelewa hata moja, balaa lilipomkuta. Mwenye shule moja ya binafsi alimwagiza mageti mawili na grili za madirisha yote. Mama Bado akakopa vyuma kwa Tajiri wa Nondo, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, akafanya kazi miezi miwili mfululizo. Shule ikafungwa, mwenye shule akatokomea, simu yake ikawa haipatikani. Alipokwenda kwa Tajiri kujieleza, hakusikilizwa.

"Mimi sikumkopesha mwenye shule. Nilikukopesha wewe," alisema Tajiri, na kwa hilo alikuwa na haki.

"Sikatai. Naomba nilipe kidogo kidogo."

"Mama, mimi sina kidogo kidogo."

Alikuwa ameshaulizia mtaani, akaambiwa kuna kiwanja. Ndiyo maana alikuwa na kiburi.

Mahakamani, wakili wa Tajiri alisema mdaiwa ana ardhi, ikamatwe, iuzwe, mteja wake alipwe. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ndogo, akamgeukia Mama Bado.

"Hiki kiwanja ni chako?"

Mtego huo. Akisema ndiyo, kimekwenda. Akisema siyo, amejikana mwenyewe na jasho lake lote.

"Bado," alisema.

Chumba kizima kikacheka. Wakili akasimama. "Mheshimiwa, hilo siyo jibu. Aseme ndiyo au siyo."

"Ndiyo ni uongo, na siyo ni uongo," alisema Mama Bado. "Nimeapa kusema kweli, na kweli yenyewe ni bado."

Hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, na alipoinua kichwa, neno lile lilikuwa limemgeuka Mama Bado mwenyewe.

"Kitu ambacho si chako kabisa huwezi kukisemea bado," alisema hakimu. "Nikiulizwa kama jua ni langu, sitajibu bado. Kwa hiyo mdaiwa ana kitu. Kiwanja ni cha bibi mkunga, hakiguswi. Lakini mdaiwa ana haki ya kukipata akimaliza kulipa, na haki hiyo ina thamani." Akaamuru ikamatwe na ipigwe mnada, isiuzwe chini ya kiasi cha deni. Atakayeinunua atachukua nafasi ya Mama Bado katika mkataba, pamoja na awamu zote zilizobaki.

Mama Bado alitoka mle ndani na hasira zake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkunga kumpa habari. Mkunga alisikiliza, kisha akasema kwamba ajaye aje, ila tarehe moja ni tarehe moja.

"Deni ni langu, Bibi, silikatai," alisema Mama Bado. "Lakini wakitaka kunila, watanitafuna na mifupa."

Siku ya mnada dalali alifika kiwanjani na kipaza sauti, watu wamejaa, wengine wameshaanza kupima kwa hatua. Akaanza mbwembwe. "Kiwanja safi, kipo barabarani, maji yapo, umeme upo..."

"Baba, soma karatasi ya mahakama," Mama Bado alimkata. Alikuwa amevaa ovaroli lake la kazi, maana alisema hajaja harusini. "Imeandikwa kiwanja?"

Dalali akajitia hamnazo. Watu wakadai asome. Akasoma kwa shingo upande: haki na maslahi ya mdaiwa katika kiwanja ambacho malipo yake bado hayajakamilika.

"Mmesikia wenyewe. Hapa mnauziwa bado," alisema Mama Bado. "Leo unamlipa Tajiri huyu deni langu lote, karibu nusu ya bei ya kiwanja. Hati hupewi. Kuanzia tarehe moja unamlipa bibi yule pale awamu thelathini na mbili. Ukichelewa mara mbili, unarudi kwenu mikono mitupu. Anayependa anyooshe mkono."

"Saa moja asubuhi," Mkunga aliongeza kutoka kwenye kiti chake. "Saa moja na nusu nimeshatoka."

Watu waliangaliana. Waliokuwa wakipima wakaacha kupima. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa, mwingine hakuaga hata kidogo. Alibaki Tajiri wa Nondo, jasho linamtoka, na kundi la watu lililobaki kutazama sinema ya bure, wakimcheka. Angeweza kumwita Mama Bado pembeni, wakayamaliza kwa kidogo kidogo. Lakini mtu amechekwa hadharani, atashuka vipi?

"Nachukua mimi," alisema.

"Chukua," alisema Mama Bado. "Ila kwanza niandikie, mbele ya hawa, kwamba hunidai."

Akaandika, akasaini. Mama Bado akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akapita katikati ya watu bila kugeuka nyuma. Usoni alikuwa mkavu. Alipofika karakana alijifungia ndani akalia mpaka macho yakavimba, kisha akawasha mashine.

Tajiri wa watu alizoea kungojwa. Mwezi wa kwanza alimtuma karani tarehe tatu. Mkunga akamrudisha na bahasha yake. Tajiri akaja mwenyewe tarehe tano, amenuna, akalipa. Mwezi wa pili alikuja tarehe tisa na maneno mengi ya safari. Mkunga hakuigusa ile pesa. Alimwambia mkataba umekufa, na kama anakwenda mahakamani amsalimie hakimu.

Tarehe moja iliyofuata, saa moja kamili, mlango wa Mkunga uligongwa. Mama Bado aliingia, akaweka pesa mezani.

"Shikamoo, Bibi. Niandikie ya ishirini na tisa."

"Marahaba. Mkataba ule umekufa, mwanangu. Ukitaka, tunaanza moja."

"Umekufa mikononi mwa Tajiri. Kwangu mimi haujawahi kuugua hata mafua. Nionyeshe siku niliyochelewa."

Mkunga akafungua daftari, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka chini ya ukurasa, akafunua wa pili. Hakuiona.

"Haya. Iwe ya thelathini, basi. Moja alilipa yule."

"Hiyo ni yake," alisema Mama Bado. "Mimi nahesabu za kwangu."

Mkunga alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Akaandika ishirini na tisa.