Nishani ya Aliyebaki Majini

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ndege inapopita juu ya Kalemie ikitafuta pa kutua. Ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya mama. Baba alikuwa ametangulia. Ndugu walikaa mkekani kutugawa, kama ilivyokuwa desturi: anayemtaka yatima humshika mkono. Shangazi wa Kabalo alinishika mimi, mkubwa, akaahidi kunisomesha. Wadogo zangu, Kalunga na Mutombo, walishikwa na ndugu wengine wawili, kila mmoja wa njia yake. Mimi nilikuwa natabasamu. Shule ni tamu, mwanangu, nisikudanganye.

Babu yangu, mzaa mama, akakohoa. "Feza, unaenda?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi sikia kwanza habari ya wale wazungu wa ndege."

"Papa na ndege zake tena!" shangazi akamtania Babu, watu wakacheka.

Babu hakucheka. Katika ujana wake, wakati wa vita, alikuwa akisukuma majini ndege za Wabelgiji zilizoruka kutoka ziwani kwenda kutupa mabomu Kigoma, kwa Wajerumani.

"Moja ilirudi bawa limetoboka, ikaangukia majini," akasema. "Mutupa mabomu alikuwa amevunjika muguu. Rubani alijua kuogelea, na ufuko aliuona. Lakini alibaki, maji yanamufika kifuani, amemushika mwenzake, mupaka sisi tukafika na mutumbwi. Kisha wakapewa nishani, wote wawili. Mukubwa wao alisifu mabomu. Sisi wa mutumbwi tulijua nishani ile ni ya nini."

"Na ninyi wapiga kasia, mulipewa nini?" shangazi akamchokoza.

"Chumvi. Tulikula, ikaisha."

Watu wakacheka tena. Babu akanigeukia. "Wewe unajua kuogelea, Feza. Hawa je?"

Nikawatazama. Mutombo, kwa mkono wake uliobaki huru, alikuwa ameshika ncha ya kitenge changu. Nikautoa mkono wangu kwa shangazi, taratibu, bila dharau, nikaenda kukaa kati ya wadogo zangu. Hakuna aliyenivuta tena, na waliowashika wadogo zangu wakawaachia.

Sikurudi shule. Nilianika ndagala ufukoni, na wenzangu walipopita na madaftari yao niliinama kugeuza samaki, wasinione uso. Lakini tulilala nyumba moja, tukala sahani moja. Leo Kalunga ana mvi, Mutombo ana wajukuu, na kila Jumapili bado tunagombea kichwa cha samaki.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, mwanangu, chombo chenu kikitoboka, usianze kwa kuutazama ufuko. Tazama kwanza nani kando yako hajui kuogelea. Huenda asitokee mtu wa kukuvika kitu kifuani, maana wakubwa hupenda kusifu kishindo. Baki tu. Wale uliowashika watajua.

Mungu akupe pumzi ndefu, na siku maji yatakapokufika kifuani, mtumbwi wako usichelewe.